Kisu hakitawanyi melanoma

Pale Mwaloni Kirumba, soko la samaki la Mwanza, utasikia mchuuzi wa dagaa akimwonya mwenzake mwenye doa jeusi wayoni: "Mama Neema, usikubali wakukate. Saratani ikiguswa na chuma inatawanyika."

Imani hii ina chanzo kinachoeleweka. Wengi hufika hospitali wamechelewa, wanakatwa kinyama cha kupima, hali inazidi, na lawama inabebwa na kisu.

Ila melanoma, saratani ya seli zinazoipa ngozi rangi, haingoji kisu. Uvimbe wenyewe hudondosha seli kwenye damu. Mwaka 1869, huko Australia, Thomas Ashworth aliona katika damu ya marehemu mmoja seli zilizofanana na za uvimbe wake. Leo watafiti huzisaka kwa damu ya kawaida ya mkononi. Kazi kweli! Kichupa kimoja chaweza kuwa na chache tu, katikati ya mabilioni ya seli nyekundu. Ni kama kumtafuta furu mmoja ziwa zima. Nyingi hufia humohumo kwenye damu. Zikionekana, hasa zikiwa nyingi, mara nyingi hatari ya ugonjwa kurudi au kuenea huwa kubwa zaidi.

Kipimo hicho bado ni cha utafiti zaidi kuliko cha kliniki. Kinachoongoza matibabu ni kinyama kilekile kinachoogopwa: chini ya hadubini, unene wa melanoma hupimwa kwa milimita. Isiyozidi milimita 1 ina matumaini makubwa. Iliyopita 4 ni habari nyingine.

Na kwa sisi weusi hupenda kujificha wayoni, viganjani na chini ya kucha, ambako kandambili na matope huifunika.