Umetundika daluga, sasa unataka kiti cha uongozi

Kila ligi inapoisha hapa Arusha hunijia beki mwingine mstaafu, na maneno ni yaleyale: "Mpira nimeucheza tangu utotoni, kaka. Niunganishe tu na mwenyekiti." Nimechoka kulijibu hili kwa mdomo, sasa naandika.

Dhana: Aliyecheza anajua kuendesha klabu.

Ukweli: Anajua kucheza. Nyasi za uwanja wa Amri Abeid zilikufundisha kupanga ukuta na kumkaba mshambuliaji. Kusoma mkataba hazikukufundisha, na mikataba ndiyo kazi yenyewe. Nikimpa mstaafu mkataba wa mchezaji, anatazama mshahara na idadi ya miaka, basi. Haoni kwamba tarehe ya malipo haijaandikwa, majeraha hayajatajwa, na ukurasa wa mwisho una sahihi ya mchezaji peke yake. Kwa kanuni za FIFA, mchezaji anayedai mishahara ya miezi miwili anaweza kuiandikia klabu, akaipa siku zisizopungua 15, na isipolipa akavunja mkataba kwa sababu halali. Madeni ya namna hiyo huifanya klabu ifungiwe kusajili wachezaji. Mashabiki watamtukana kocha, lakini kosa lilifanyika ofisini.

Halafu kuna leseni ya klabu, yaani kibali cha kushiriki mashindano. CAF, shirikisho la soka la Afrika, hukagua maeneo matano: michezo, miundombinu, utawala na watumishi, sheria, fedha. Wewe umepitia moja, na hapo penyewe wanataka programu ya vijana. Mechi ulizocheza hazimo.

Wananitajia Maldini, beki wa zamani wa AC Milan ya Italia. Haya. Alistaafu 2009, akarudi AC Milan kama kiongozi 2018, timu ikatwaa ubingwa wa Italia 2022, na 2023 akaondolewa. Jina lile lote halikumkinga. Mertesacker naye, beki wa Arsenal ya England, alipostaafu 2018 klabu ilimkabidhi akademi, yaani timu za vijana, si kiti cha juu.

Mimi nina mtihani mmoja tu. Andika bajeti ya safari ya ugenini, Moshi hadi Songea: gari, dizeli, dereva wa pili, vyumba, chakula cha wachezaji na benchi, posho, maji, dawa za mtabibu. Ukimaliza, iandike upya kana kwamba mechi imesogezwa mbele siku moja mkiwa mmeshafika. Anayeniambia "hayo ataangalia mhasibu" simpi namba ya mtu.

Dhana: Leseni ya ukocha inatosha.

Ukweli: Hiyo ni ya benchi. Isomee, ni nzuri, ila makato ya NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii) na kodi ya mishahara utayajulia kwingine.

Dhana: Umeneja wa timu ni kubeba jezi.

Ukweli: Ndio mlango bora kuliko yote. Meneja ndiye anayefuatilia leseni za wachezaji, hoteli, usafiri na hesabu ya kadi. Akichezeshwa mtu anayetumikia adhabu, pointi mlizovuja jasho mnaweza kunyang'anywa mezani.

Dhana: Mabeki ni watu wa shari, hawawezi kukaa na wadhamini.

Ukweli: Upuuzi. Sentahafu, yaani beki wa kati, anaongea na wenzake dakika zote 90. Shida ni wale wanaoendelea kupiga kelele hata kwenye kikao.

Dhana: Mambo ya shule ni baada ya kustaafu.

Ukweli: Ukistaafu mshahara umekata, ada utatoa wapi? Chuo cha Uhasibu kipo Njiro, na Moshi kuna Chuo Kikuu cha Ushirika. Nenda kaulize kozi sasa, ukiwa bado una mkataba.