Kwa nini msanii achore kitu akijua kitafutika?

Maua ya hina mikononi mwa bibi harusi, hapa Mwanza kama kwingineko, hayamalizi mwezi. Rangi yake hushika tabaka la juu la ngozi, na tabaka hilo hupukutika lenyewe. Bado hajasikika bibi harusi aliyedai arudishiwe hela yake.

Ila tukitaja sanaa, akili hukimbilia vinavyodumu. Nadhani makumbusho yametuzoesha hivyo, maana huhifadhi kinachohifadhika. Pale Bujora, Kisesa, utaziona ngoma za watemi wa Kisukuma. Lakini Bagika na Bagalu, vyama viwili vya ngoma vya Wasukuma, wanaposhindana kucheza kwenye sherehe za Bulabo mwezi Juni, kila upande ukiuvuta umati wa mwenzake, cha kuweka kabatini hakuna.

Wengine hufuta kazi yao wenyewe. Watawa wa Kibudha wa Tibet hutumia siku nyingi kupanga mchanga wa rangi, chembe kwa chembe, hadi upatikane mandala, mchoro wao mtakatifu. Kisha huufagia na kuumwaga mtoni, ili baraka zake zisambae na maji. Kwao kufagia ni sehemu ya ibada. Tamil Nadu, kusini mwa India, akina mama huchora asubuhi mbele ya mlango kwa unga wa mchele; sisimizi na ndege wakiula, ndiyo sadaka yenyewe.

Kuna pia suala la umiliki. Mwaka 1995 wasanii Christo na Jeanne-Claude walilifunika Reichstag, jengo la bunge la Ujerumani jijini Berlin, kwa zaidi ya mita za mraba 100,000 za kitambaa. Baada ya wiki mbili kikaondolewa. Gharama walizilipa wenyewe kwa kuuza michoro ya maandalizi, wala hawakukubali wafadhili. Tajiri angetaka kuinunua kazi hiyo, angeibeba vipi?

Anayenivutia zaidi ni msanii Mmarekani Robert Smithson. Mwaka 1970, katika Ziwa Kuu la Chumvi huko Utah, Marekani, alijenga kwa mawe meusi na udongo tuta la mita 460 hivi, lililojikunja kama konokono. Wakati huo maji yalikuwa chini. Hayakuchelewa kupanda, yakalifunika kwa takriban miaka 30. Watu wa ziwa tunaijua tabia hiyo: mvua za 2019 na 2020 zilipandisha Victoria hadi mialo ikamezwa. Tuta lilipoibuka tena mwaka 2002, mawe meusi yalikuwa meupe kwa chumvi. Smithson hakuyaona hayo. Alifariki mwaka 1973 kwa ajali ya ndege.

Siku hizi ziwa lile limepungua mno, na tuta liko nchi kavu, mbali na maji. Imewahi kujadiliwa kama liongezwe mawe. Mimi ningeliacha. Smithson alivutiwa na namna vitu vinavyochakaa na kusambaratika, na mahali pale alipachagua mwenyewe.