Eti kastama kea imehamia India? Ngoja tuongee

Juzi Mwanjelwa hapa Mbeya kwa wakala, mzee mmoja katuma hela namba siyo. Akapiga 100 ya kastama kea, kasubiri wee, mziki unaimba tu, mwisho akakata akasema hawa siku hizi simu wamezihamishia India hawa. Foleni nzima ikakubali.

Sasa simu ya Kiswahili unaipeleka Bangalore akaijibu nani? Kinachohamishwa ni simu za Kiingereza za Marekani na Uingereza, ndo maana India na Ufilipino wamejaa hiyo kazi, Ufilipino peke yake ni zaidi ya watu milioni 1. Sisi lugha yetu inatulinda hata hatujui. Ila kuna kitu kingine watu wanachanganya nacho, kampuni inampa kazi mkandarasi, kwa hiyo yule binti anajitambulisha kwa jina la mtandao wako wakati anayemlipa mshahara ni mtu mwingine kabisa, na yuko hapo hapo Dar. Simu haijavuka hata Chalinze, aliyebadilika ni mwajiri.

Wengine wanasema tatizo ni lafudhi, mteja akijibiwa na mtu wa kwao shida imeisha. Hapo kuna ukweli nusu. Mwaka 2003 Dell, kampuni ya kompyuta, walirudisha Marekani simu za wateja wao wa makampuni zilizokuwa zinajibiwa Bangalore, wateja walikuwa wamelalamika sana, na 2011 benki ya Santander ya Uingereza nao wakarudisha za kwao kutoka India. Sikatai, lafudhi inachosha. Ila mtu aliyepewa skripti ya kusoma na hana ruhusa ya kukurudishia hata mia, awe Mhindi awe Mzungu awe mtoto wa Mbalizi, atakwambia "tunashughulikia" na utabaki na shida yako.

Halafu hili la watu kusema eti ni "kazi ya kukaa tu kwenye kiti" ndo linaniudhi kuliko yote. Mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, kaifanya Dar miaka miwili kabla hajarudi Uyole. Kila simu inapimwa muda, ukivuta sana supavaiza anakuja kusimama nyuma yako. Ukienda chooni unabonyeza kitufe kwanza kwenye kompyuta, dakika zinaanza kuhesabika, na mwisho wa wiki unaulizwa kwa nini zimekuwa nyingi, yaani unamweleza mwanaume mzima habari za tumbo lako. Matusi unapokea na huruhusiwi kukata simu. Mpaka leo mama akimwita jikoni anajibu "naomba usubiri kidogo", sisi tunacheka, yeye hacheki. Na huyo alikuwa anaongea na Watanzania wenzake. Wa Manila anayehudumia New York, kule saa tatu asubuhi kwake ni saa tatu au nne usiku, anatoka kazini jua linachomoza, na mshahara wake ndo unasomesha wadogo zake. Kwa hiyo sio mwizi wa kazi, na wala sio wa kuonewa huruma tu.

Walioachwa kule kazi zinakotoka nao wana machungu yao. Kaskazini mashariki mwa Uingereza, Sunderland na jirani zake, migodi ya makaa na viwanda vya meli vilifungwa, ofisi za kupokea simu zikaja kuziba pengo, ukiondoa na hizo mtu anashika nini? Wa mgodi wetu wa makaa wa Kiwira hawahitaji kuelezwa hilo.

Kuna vijana wa MUST, chuo kikuu chetu hapa, wanasema basi kazi hizi zije Mbeya, intaneti tunayo. Kweli, mkongo wa taifa wa mawasiliano unapita hapa kwenda Tunduma. Ila kazi hizi zinafuata Kiingereza cha kuongea, sio cha kufaulia mtihani, na umeme usiokatika simu ikiwa katikati. Wanaosema roboti watazimaliza zote waiangalie Klarna, kampuni ya malipo ya Sweden, 2024 walijisifu roboti lao linafanya kazi ya watu 700, 2025 wakaanza tena kutafuta watu wa kuongea na wateja.

Yule mzee alipiga tena. Akapokea binti, "shikamoo baba", kumbe wa Tukuyu, wakaanza na Kinyakyusa foleni yote imenyamaza inasikiliza. Binti akaiona hela, bado haijatolewa. Akasema yeye hana uwezo wa kuirudisha, mpaka supavaiza, na supavaiza anaingia saa mbili usiku.