Je, wajua kwa nini nyumba ya mawe iliyosimama miaka 150 Mji Mkongwe huanguka kwa siku moja?

Anayepita kwa mara ya kwanza katika vichochoro vya Mji Mkongwe wa Zanzibar, akaziona kuta zenye unene wa nusu mita na zaidi, milango iliyonakshiwa na mabaraza yaliyong'arishwa na vizazi vya wakaaji, huona vigumu kuamini kwamba nyumba za namna hiyo huporomoka. Huporomoka kweli, aghalabu wakati wa masika, na mara nyingine nyumba moja ikianguka huacha ukuta wa jirani ukining'inia wazi, kwa kuwa nyumba nyingi zimeegemeana. Ukiuliza sababu utaambiwa kwamba zimezeeka. Jibu hilo ni rahisi mno, maana mtaani humohumo zipo nyumba za umri uleule ambazo hazina hata ufa. Zinazoanguka zimeingiwa na maji, na ukiyafuata maji hayo mpaka yanakotoka utafika kwenye suala la nani mwenye nyumba.

Tuanze na ukuta wenyewe. Jiwe lililotumika ni la matumbawe, jepesi na lenye vitundu vingi. Mafundi waliyapanga mawe hayo katika nyuso mbili, ya nje na ya ndani, wakajaza vipande vidogo katikati, na vyote wakavishika kwa udongo mwekundu uliochanganywa na chokaa. Chokaa hiyo ilipatikana kwa kuchoma mawe ya matumbawe juu ya tanuu la magogo, kuyazima kwa maji, kisha kuiacha muda mrefu kabla ya kuitumia. Ukuta wa aina hii hauna ugumu wa zege. Unasimama kwa unene na uzito wake, na sharti lake kubwa ni kwamba ubaki mkavu, au ukilowa uweze kukauka.

Dari nazo zilibebwa na boriti za mikoko, nyingi zikiletwa kwa majahazi kutoka delta ya Rufiji. Hii ndiyo sababu vyumba vya nyumba hizi ni virefu na vyembamba, vyenye upana usiozidi mita 3 hivi: boriti ya mkoko haiwezi kuvuka nafasi kubwa zaidi ya hiyo huku ikibeba uzito. (Boriti hizohizo zilisafirishwa hadi Oman na nchi nyingine za Ghuba, na vyumba vya nyumba za kale za huko vimekatwa kwa kipimo kilekile.) Juu ya boriti yalipangwa mawe, kisha ikamwagwa chokaa nzito iliyopondwapondwa kwa fimbo siku kadhaa na kundi la watu waliokuwa wakiimba ili mapigo yaende pamoja, mpaka tabaka zima likashikana. Mapaa ya zamani yalikuwa bapa, ya chokaa hiyohiyo. Mabati tunayoyaona leo yaliongezwa baadaye, na pamoja nayo ukaja ulazima wa kuwa na mifereji ya kuyapeleka maji ya mvua mbali na kuta.

Sasa fikiria bati moja limeng'oka, au mfereji umeziba kwa majani na takataka. Maji hushuka ndani ya ukuta kutokea juu. Udongo ulioshika mawe hulainika, vipande vya katikati huanza kutitia, na nyuso mbili za ukuta huachana polepole, ukuta ukatunga tumbo. Hatari zaidi ni kichwa cha boriti, yaani ule mwisho uliozama ukutani. Hapo unyevu haukauki, hewa haipiti, na mchwa hawaonekani. Boriti inaweza kuwa ngumu kama chuma katikati ya chumba huku kichwa chake kikiwa kimeoza kabisa, na mpangaji aliyelala chini yake hana habari. Kwa hiyo dari haianguki kwa siku moja hata kidogo. Imechukua miaka kumi au ishirini kuoza, na siku moja tu kushuka.

Saruji imeongeza ubaya huu, ingawa huletwa kwa nia njema. Lipu ya chokaa hupumua: ukuta uliolowa hutoa unyevu wake kupitia humo. Lipu ya saruji ni ngumu na hufunga, hivyo unyevu hubaki ndani ukitafuta pa kutokea. Unaweza kujionea mwenyewe katika nyumba iliyorekebishwa hivyo. Gonga kwa kifundo cha kidole mahali palipotiwa saruji nawe utasikia sauti ya uwazi, kwa sababu lipu imekwisha kuachana na jiwe. Juu kidogo ya hapo, penye mpaka wa saruji na chokaa ya zamani, utaona chumvi nyeupe kama unga imejitokeza na rangi inabanduka. Fundi atarudi mwaka unaofuata kubandika saruji nyingine juu zaidi, nao unyevu utapanda pamoja naye. Wala simlaumu fundi, maana mfuko wa saruji unapatikana kila duka, hali chokaa iliyoiva inahitaji subira na ujuzi ambao wachache wamebaki nao.

Hadi hapa ni ufundi, na ufundi una dawa. Kinachobaki kigumu ni kumpata mtu wa kupanda juu ya paa. Baada ya Mapinduzi ya 1964, nyumba nyingi za Mji Mkongwe ambazo wenyewe walikuwa wameondoka zilichukuliwa na serikali, zikapangishwa au kugawiwa kwa familia zilizotoka mashamba na Ng'ambo, yaani mitaa iliyo nje ya Mji Mkongwe. Nyumba iliyojengwa kwa ukoo mmoja ikawa na familia nne au tano, kila moja na jiko lake na mahali pake pa kuogea, na maji yakaanza kumwagika kwenye dari ambazo hazikuwahi kukusudiwa kulowa. Kodi ilikuwa ndogo mno kutosha hata kununulia mabati. Mpangaji wa chini anavujiwa lakini paa si lake; wa juu ana paa lakini hana fedha; mwenye nyumba ni ofisi. Nyumba nyingine ni za wakfu, zilizowekwa na waja wa Mungu ili mapato yake yasaidie misikiti na jamaa zao, nazo pia zimeishi kwa kodi isiyolingana na gharama za matengenezo. Kuanzia miaka ya 1980 serikali iliuza baadhi ya nyumba zake kwa watu binafsi. Waliokuwa na uwezo walizitengeneza, na wengine waliziacha zisubiri bei ipande.

Ndipo ilipoanzishwa, mwaka 1985, Mamlaka ya kuhifadhi na kuendeleza Mji Mkongwe. Jina lake lina maneno mawili yanayovutana, kuhifadhi na kuendeleza, na kazi yake yote iko katika mvutano huo. Mpango wa uhifadhi uliokamilishwa mwaka 1994 kwa msaada wa Taasisi ya Aga Khan ya Utamaduni ulikagua majengo zaidi ya 1,700, moja baada ya jingine, na kuyapanga kwa madaraja: yapo yasiyoruhusiwa kuguswa umbo lake, yapo yanayoweza kubadilishwa ndani, na vipo vitu vya mtaani kama milango na mabaraza ambavyo hulindwa hata kama nyumba yenyewe ni ya kawaida. Mwaka 2000 UNESCO iliuingiza mji katika Orodha ya Urithi wa Dunia, na sheria mpya ya Mamlaka ikatungwa mwaka 2010. Anayetaka kuongeza ghorofa, kubadilisha dirisha au kubomoa anatakiwa kuomba kibali. Sheria hiyo ina nguvu ya kumzuia mtu asiharibu, lakini haina njia nyepesi ya kumlazimisha asiye na fedha atengeneze, na nyumba nyingi zimeanguka kwa kuachwa kuliko kwa kubomolewa.

Fedha zilipopatikana, zilitoka zaidi kwenye utalii. Jengo la zamani la mawasiliano pale Shangani liligeuzwa hoteli katika miaka ya 1990, na halikuharibiwa. Mfano wa pili ulizua ubishi zaidi: Mambo Msiige, nyumba ya katikati ya karne ya 19 ambayo masimulizi yanadai mwenyewe alichanganya mayai maelfu kwa maelfu katika udongo wake, na ndiyo maana jina likawa onyo kwa wanaotaka kumwiga. Nayo ikawa sehemu ya hoteli kubwa iliyofunguliwa mwaka 2015, yenye jengo jipya kando yake, na Kamati ya Urithi wa Dunia ilieleza wasiwasi wake kuhusu ukubwa wa jengo hilo ufukweni. Kwa maoni yangu nyumba ya zamani ilinusurika, na mandhari ya bahari ndiyo iliyolipa gharama. Gharama nyingine huonekana usiku, unapopita mtaa ambao kila mlango ni hoteli na barazani hakuna mzee hata mmoja wa kumwamkia.

Hata hivyo fedha peke yake haitoshi. Beit al-Ajaib, yaani Nyumba ya Maajabu, iliyojengwa na Sultan Barghash mwaka 1883 kwa nguzo za chuma zilizoagizwa nje, ilistahimili mizinga ya Waingereza ya 1896. Sehemu yake ilidondoka mwaka 2012, na tarehe 25 Desemba 2020, ukarabati uliogharamiwa na Oman ukiwa unaendelea, upande wa mbele uliporomoka pamoja na mnara wa saa na kuua watu wawili. Jengo lililodhoofishwa na miaka mingi ya unyevu na hewa ya bahari huwa katika hatari kubwa kabisa pale linapoguswa, kwa sababu sehemu zilizooza zimekwisha kuegemea zile nzima, na ukiondoa moja hujui ni ipi nyingine iliyokuwa ikishikwa nayo. Ndiyo maana mafundi wenye uzoefu hutanguliza magogo ya kuegemeza kabla ya kubandua hata kipande cha lipu.

Wapangaji wa mji wamejaribu pia kuupunguzia Mji Mkongwe mzigo kutoka nje. Mpango uliopewa jina la Ng'ambo Tuitakayo unakusudia kuifanya Ng'ambo, upande wa pili wa Darajani, kuwa kitovu kipya cha jiji, ili ofisi, maduka makubwa na maghorofa yapate pa kwenda bila kuzibana nyumba za chokaa. Hilo likifanikiwa, kiwanja cha Mji Mkongwe hakitakuwa tena na thamani kuliko nyumba iliyo juu yake, na mwenye nyumba hatapata faida kwa kungoja ianguke. Kwa sasa, kabla ya kila masika, bado kuna kazi ya nusu siku isiyohitaji mfadhili: kupanda juu, kuzoa majani kwenye mfereji, na kurudisha bati lililoinuka mahali pake.