Kasha la Spika na Besi Nzito: Dhana Zinazoharibu Mbao Nzuri

Mtu akitaka besi nzito nyumbani, huanza na spika: kubwa, yenye sumaku nzito na wati nyingi. Kasha huja mwisho, likapimwa kwa macho kulingana na mbao zilizopo. Hapo ndipo kazi inapoharibikia. Besi unayoisikia ni kazi ya spika pamoja na hewa iliyofungiwa nyuma yake, na hesabu ya hewa hiyo ifanywe kabla msumeno haujagusa ubao.

"Kasha ni la kushikilia spika tu"

Iwashe spika ikiwa wazi mezani, upige wimbo wenye besi. Sauti itatoka nyembamba, besi huioni. Koni, ile sehemu ya spika inayotikisika, ikienda mbele inasukuma hewa ya mbele na papo hapo kuivuta ya nyuma. Mawimbi ya sauti nzito ni marefu. Kwenye hezi 40, yaani mitetemo 40 kwa sekunde, wimbi moja lina urefu wa mita 8.6 hivi. Wimbi la nyuma linaizunguka spika bila shida, linakutana na la mbele na kulifuta. Kasha huyatenganisha hayo mawili. Kwa hiyo ziba kwa gundi na silikoni kila kiungo, pamoja na tundu la waya.

"Kasha likiwa kubwa zaidi, besi inashuka zaidi"

Hii ina ukweli nusu, na ndiyo inayoponza wengi.

Karatasi ya vipimo ya spika ina tarakimu tatu za kutazama. Fs ni masafa (idadi ya mitetemo kwa sekunde) ambayo koni hutetemeka yenyewe kwa urahisi. Qts inaeleza jinsi mtetemo huo unavyodhibitiwa: ikiwa ndogo, unadhibitiwa zaidi. Vas ni ujazo wa hewa wenye unyumbufu sawa na ule wa kitambaa na ukingo vinavyoishika koni. Njia ya kukokotoa kasha kwa tarakimu hizi iliandikwa na Neville Thiele wa Australia mwaka 1961, na Richard Small akaiendeleza mwanzoni mwa miaka ya 1970.

Chukua spika yenye Fs ya hezi 30, Qts ya 0.4 na Vas ya lita 60, katika kasha lililozibwa kabisa. Gawa Vas kwa ujazo wa kasha, ongeza 1, tafuta kipeuo cha pili. Jibu linazidisha Fs na Qts zote mbili. Kasha la lita 20 linatoa 2, kwa hiyo Fs inapanda hadi hezi 60 na Qts hadi 0.8. Kasha la lita 60 linatoa 1.41: hezi 42 na 0.57. Ungetarajia tofauti kubwa. Lakini sauti inapungua kwa desibeli 3 (desibeli ni kipimo cha nguvu ya sauti) kwenye hezi 54 katika kasha dogo, na kwenye hezi 55 katika kubwa! Faida iko chini zaidi: kwenye hezi 30 kasha kubwa linazidi kwa desibeli 3 hivi. Kwa lita 40 za nafasi ya ziada, mimi naiona faida hiyo kuwa ndogo mno.

Kulibana kupita kiasi nako kuna madhara. Kwa lita 10, Qts ya spika hiyohiyo inapita 1, na besi inavuma kwa noti moja.

"Toboa tundu, besi itaongezeka"

Tundu la besi huwa na bomba linaloingia ndani ya kasha. Hewa iliyo ndani ya bomba hilo ina uzito, na hewa ya kasha ni springi yake. Vikikutana vinapata masafa yao maalumu, na hapo bomba ndilo linalotoa sauti karibu yote. Albert Thuras wa Bell Labs, maabara ya utafiti ya Marekani, alipata hataza ya wazo hili mwaka 1932. Tundu lisilokokotolewa linaangukia masafa yoyote, mara nyingi ya juu mno.

Kasha la lita 50 likitakiwa hezi 35, bomba la kipenyo cha sentimita 10 linahitaji urefu wa sentimita 31 hivi. Likifupishwa hadi 15, masafa yanaruka hadi karibu hezi 46. Wengi hudhani bomba pana lataka kuwa fupi. Ni kinyume chake. La kipenyo cha sentimita 7.5 lingetosha kwa sentimita 16, ila jembamba hupiga mluzi wa upepo sauti ikipandishwa.

Kupima ni rahisi. Tumia programu ya simu inayotoa mlio wa masafa mamoja, anzia hezi 60, shusha polepole kwa sauti ndogo huku ukiitazama koni. Itafika mahali koni inakaribia kutulia wakati hewa inapuliza kwa nguvu kwenye bomba. Hayo ndiyo masafa ya kasha lako. Chini ya hapo koni haina tena kinachoizuia na inaweza kuumia, kwa hiyo weka kichujio kwenye amplifaya kinachokata masafa ya chini zaidi.

Sumaku, wati na pamba

Sumaku yenye nguvu hushusha Qts, na spika yenye Qts ya 0.25 hutoa besi kavu na haba katika kasha lililozibwa. Hufaa zaidi kwenye lenye bomba. Wati zilizoandikwa zinaeleza joto ambalo koili (waya uliozungushwa unaoisukuma koni) inastahimili, na ukizizidisha mara mbili unapata desibeli 3 tu. Cha kutazama ni eneo la koni na urefu wa safari yake, kwa sababu kutoka hezi 80 hadi 40 kwa sauti ileile katika kasha lililozibwa, koni husafiri mara nne zaidi.

Pamba au sufi ndani ya kasha lililozibwa hulifanya lijifanye kubwa kidogo, si mara mbili. Usizibe nayo mdomo wa bomba.

Kuhusu mbao, plaiwudi au MDF (ubao wa nyuzi za mbao zilizogandamizwa) ya milimita 18 yatosha, mradi uweke mihimili ndani kuunganisha pande zinazotazamana. Ukimaliza hesabu, ongeza ujazo unaoliwa na mihimili hiyo, bomba na sumaku, kisha ndipo uchore vipimo vya kukata.