Mnara wa lifti usiufunge na boriti

Wiki hii tena. Nyumba ya ghorofa tatu Kiponda, Mji Mkongwe wa Zanzibar, mwenyewe anaigeuza hoteli, na fundi ananipokea kwa tabasamu: "Injinia, tumepitisha nondo kutoka kwenye mnara wa lifti mpaka ndani ya boriti za sakafu. Sasa hautikisiki!"

Hautikisiki, ndiyo. Ndiyo balaa yenyewe.

Mnara wa matofali ya saruji una msingi mpya, utatitia kwa wakati wake. Kuta za mawe na chokaa zilishatitia tangu enzi za babu zetu. Boriti nazo zinapinda taratibu kwa uzito wa sakafu. Ukivifunga pamoja, kinachopasuka ni kile kilicho dhaifu, na Mji Mkongwe mara nyingi ni ukuta wa zamani.

Halafu mkoko mbichi, ndio mti wa boriti zetu. Hapa mnivumilie. Mti ukikauka haupungui urefu wa kutajika, unapungua unene: boriti ya sentimita 12 inaweza kupoteza milimita 4 au 5. Waliosoma michoro ya Marekani hunitisha kwa sentimita mbili tatu. Kule ni kweli, kwani ukuta wa mbao hukaa juu ya mbao za sakafu, ghorofa juu ya ghorofa, upungufu ukajikusanya. Kwetu boriti imechomekwa kwenye jiwe, kila ghorofa na upungufu wake. Ila milimita 5, ukiongeza kupinda, zinatosha gurudumu la sanduku la mgeni kugonga kizingiti cha lifti.

Basi acheni nafasi kati ya mnara na sakafu ya boriti, milimita 25 hivi. Reli za lifti zishikwe na mnara. Mlangoni bamba la chuma juu ya nafasi hiyo, lifungwe upande mmoja tu. Nafasi msiizibe kwa chokaa (mafundi na kuziba!), wekeni sufi ya mawe, inabonyea na haiungui, maana moshi ukipata upenyo utafika kila ghorofa.

Hizo 25 nimezitoa wapi? Hesabu inanipa chini ya hizo; zilizobaki ni woga. Nani anajua mchwa wamekula nini ndani ya ukuta? Na mnara uliosimama peke yake unataka msingi mpana, ubavuni mwa ukuta usiotaka kuchimbiwa. Hapo sina jibu safi. Kazi iliyopita tulichimba kipande kwa kipande, mita moja moja, na tangu sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la kale la Mji Mkongwe, iporomoke Desemba 2020, usiku wa kazi kama hizo silali vizuri.

Nondo za Kiponda tulizikata zote, 14. Fundi alizihesabu kwa sauti.