Msuguano haupingi mwendo, jamani

Nimesahihisha tena rundo la majibu ya wanafunzi wa fizikia, na sentensi ni ileile: "Msuguano hupinga mwendo wa kitu." Hapana! Msuguano huzuia nyuso mbili zinazogusana zisitelezane. Hayo ni mambo mawili tofauti kabisa.

Tazama bodaboda iliyonasa kwenye tope. Tairi la nyuma linazunguka, matope yanaruka nyuma, pikipiki haiendi popote. Kwenye barabara kavu tairi hilohilo huisukuma ardhi nyuma, na msuguano hulisukuma tairi mbele. Ndio unaokufikisha mjini. Tairi la mbele halina mnyororo, kwa hiyo pikipiki ikiongeza kasi, lenyewe hupata msuguano wa kurudi nyuma. Pikipiki moja, pande mbili.

Sasa kinachonikera zaidi. Silinda ya chuma (iliyojaa, si bomba) inabiringika mteremkoni bila kuteleza, na mwanafunzi anaandika kwamba msuguano ni μN (μ ni namba ya msuguano kati ya nyuso mbili, N ni kani ya kiegemeo, yaani mteremko unavyoisukuma silinda) bila kupepesa macho. Haya, tupige hesabu: kilo 3, nyuzi 30, g (mchapuko wa mvutano wa dunia) ni 10, μ ni 0.6. Uzito unaivuta kushuka kwa nyutoni 15. μN inatoa karibu 15.6. Yaani silinda inapanda mlima! Na jibu limepigiwa mistari miwili.

μN ni kikomo cha msuguano tuli (ule wa nyuso zisizotelezana), si kiasi chake. Kiasi hutafutwa kwa mlinganyo wa kani pamoja na wa torki (uwezo wa kani kuzungusha kitu): hapa ni theluthi ya 15, nyutoni 5, kuelekea juu. Na hizo 5 ndizo zinazoizungusha silinda, maana uzito na kani ya kiegemeo hupita katikati, hazina torki yoyote. Bomba la kilo hizohizo lenye ukuta mwembamba lingehitaji nusu, nyutoni 7.5, ndiyo maana hushuka polepole zaidi.

Kitu kikibiringika kwenye sakafu tambarare, kwa kasi isiyobadilika, msuguano ni sifuri. Mbona basi mpira husimama? Kwa sababu hubonyea, na kani ya sakafu huangukia mbele kidogo ya kitovu, ikaupinga mzunguko.

Hata hilo "bila kuteleza" ni la ubaoni. Tairi lenye upepo hunyumbuka, na sehemu ya eneo linalogusa lami huteleza kidogo kila unapovuta mafuta. Ile 0.6 nayo haitokani na kanuni yoyote ninayoweza kuifundisha, hupimwa. Vitabu huiweka kwenye jedwali kana kwamba ni mali ya chuma, kumbe ni ya nyuso mbili pamoja na vumbi na unyevu uliopo kati yake siku hiyo.